Kidimbwi, Deni na Swali Lenye Bei

Mwezi uliopita nilisimama katika ukumbi wa wadi yetu hapa Kisumu, nikaomba tujengewe kidimbwi cha kuogelea cha umma, na watu wakanicheka. Hawakunicheka kwa ubaya. Kijana mmoja wa bodaboda aliyeketi safu ya nyuma, kofia yake ya pikipiki ikiwa magotini, hakungoja kupewa nafasi, alinyoosha mkono na kusema papo hapo, "Mwalimu, ziwa lote hili halikutoshi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka pia, kwa sababu ukisimama mlangoni pa ukumbi ule unaliona Ziwa Victoria likimetameta kati ya mapaa ya mabati, na ni vigumu kumshawishi mtu aliyezaliwa kando ya maji kwamba amepungukiwa na maji. Afisa aliyeendesha kikao aliandika "kidimbwi" kwa kalamu ya wino wa kijani kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, chini ya taa za barabarani, mtaro na choo cha soko, kisha akampa nafasi msemaji aliyefuata, ambaye aliomba gari la wagonjwa.

Kicheko hakikunisumbua. Nilichorudi nacho nyumbani ni jambo jingine: kwa muda wa saa tatu tuliokaa mle ndani, hakuna mtu hata mmoja aliyetaja bei ya kitu chochote, wala afisa, wala sisi wananchi. Tuliomba kama watoto wanavyomwagiza mzazi anayekwenda mjini, huyu viatu, yule mkate, mwingine mpira, na mzazi akaitikia kila ombi kwa kichwa kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayejua kilichomo mfukoni.

Kwanza nimjibu yule kijana, maana alistahili jibu na pale ukumbini sikuwa nalo. Katika mwaka wangu wa nne wa kufundisha, Jumatatu moja asubuhi, dawati la tatu upande wa dirisha lilikuwa na mtoto mmoja badala ya wawili. Yule wa pili alikuwa amekwenda ziwani Jumamosi na wenzake kuoga, akakanyaga mahali ambapo wachimba mchanga walikuwa wameacha shimo, na wenzake, ambao hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea, walikimbia kuita watu wazima. Mwenzake wa dawati alinijia wakati wa mapumziko akiwa na daftari la Hisabati alilokuwa ameazima Ijumaa. Alitaka kujua amrudishie nani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka wa 2021, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo linapendekeza kwamba watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kujihadhari na maji, kama wanavyofundishwa kuvuka barabara. Mtaala wetu mpya una mada za kuogelea tangu madarasa ya chini, jambo ambalo ni zuri, ila sisi tusio na kidimbwi tunawalaza wanafunzi kifudifudi kwenye nyasi za uwanja wa shule na kuwaambia wapige miguu. Wanacheka sana, nyasi zinawawasha matumbo, na somo linakwisha.

Na ziwa? Ziwa si darasa. Maji ya ukingoni yana konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, na yeyote aliyekulia Dunga au Usoma anamjua mtu aliyeugua ugonjwa huo utotoni. Kuna misimu ambapo magugumaji hufunika ghuba nzima ikawa kama shamba, na mtoto akiingia chini ya zulia lile hajui atokee wapi. Kuna viboko pia, na mahali pamoja ukingoni hapakuitwa Hippo Point kwa utani. Lakini hata tukiyaweka hayo yote kando, tatizo kubwa la ziwa kama mahali pa kufundishia ni rangi ya maji yake. Maji ya ghuba ya Winam ni kama chai ya maziwa. Mtoto akizama nusu mita tu, macho yako hayamwoni tena. Katika kidimbwi chenye maji safi na sakafu nyeupe, mwokoaji aliyeketi juu ya kiti chake anaona hata kifungo kilichoanguka chini. Kwa mwalimu, tofauti yote imo hapo.

Nikiwa bado nalitafakari suala hili, binamu yangu aliniandikia kutoka Marekani. Yeye ni muuguzi katika jimbo la Washington, huko magharibi kwenye bahari ya Pasifiki, na baada ya miaka mingi alichukua uraia, kwa hiyo hupiga kura. Aliniambia kwamba mji wao mdogo ulikuwa unawauliza wakazi kama wanakubali ukope fedha ili ujenge kidimbwi kipya cha umma badala ya cha zamani kilichopasuka, na kwamba karatasi ya kura ilimfikia nyumbani kwa posta pamoja na kijitabu cha maelezo. Karatasi aliijaza akiwa jikoni, baada ya zamu ya usiku, akaitia katika bahasha isiyohitaji hata stempu. Nilimwomba anieleze kila kitu kilichoandikwa katika kijitabu, naye kwa uvumilivu wake alinisomea kwa simu karibu kijitabu kizima.

Utaratibu wao, kwa ufupi, ni huu. Mji unapotaka kujenga kitu kikubwa ambacho mapato yake ya kawaida hayawezi kukilipia, hutoa hatifungani, yaani huwauzia wawekezaji ahadi ya kuwalipa pamoja na riba kwa muda ambao mara nyingi hufika miaka 20. Dhamana ya ahadi hiyo ni kodi ambayo wakazi wenyewe huulipa mji kwa nyumba na ardhi zao, na kwa kuwa kodi hiyo itapanda ili kulipa deni, wakazi huulizwa kwanza. Swali huwa limeandikwa wazi: kiasi cha juu cha deni, muda wa kulilipa, kazi itakayofanywa kwa fedha hizo. Katika kijitabu kile palikuwa na makadirio ya nyongeza ya kodi kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba, hivyo binamu yangu alichukua kikokotoo, akapiga hesabu ya nyumba yake, akapata kiasi cha mwaka mzima ambacho, kwa maneno yake, ni chakula cha jioni kimoja cha familia hotelini. Akaandika ndiyo. Jirani yake mzee, ambaye watoto wake walishakua na kuhama, alipiga hesabu yake pia akaandika la, na asubuhi iliyofuata wakasalimiana kwenye ua kama kawaida.

Jambo lililonishangaza zaidi ni matokeo. Waliosema ndiyo walikuwa wengi kuliko waliosema la, na bado pendekezo likaanguka. Sheria ya jimbo la Washington inataka hatifungani ya aina hiyo iungwe mkono na angalau asilimia 60 ya waliopiga kura, na tena waliojitokeza wafike angalau asilimia 40 ya idadi ya waliopiga kura katika uchaguzi mkuu uliotangulia. Wenzao wa California wana kizingiti cha juu zaidi, theluthi mbili kwa hatifungani nyingi za miji na kaunti, isipokuwa za shule, ambazo tangu mwaka 2000 zinaweza kupita kwa asilimia 55. Hoja yao ni kwamba deni la miaka 20 litalipwa pia na watu ambao leo ni watoto wa chekechea, kwa hiyo wingi mwembamba wa siku moja hautoshi kuwatwika mzigo huo. Binamu yangu alisononeka. Mimi nilikuwa na wivu kidogo, si wa kidimbwi, kwani hawakukipata, bali wa ile karatasi ya kura yenye bei juu yake.

Nilipoanza kuchunguza jinsi mambo yalivyo kwetu, nilidhani ningekuta mlango umefungwa kabisa. Haukufungwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi kaunti majukumu ya michezo, burudani, bustani na fuo, hivyo kidimbwi cha umma ni kazi ya kaunti bila ubishi. Kifungu cha 212 kinaruhusu serikali ya kaunti kukopa kwa masharti mawili, kwamba serikali ya kitaifa iudhamini mkopo huo na kwamba bunge la kaunti liuidhinishe. Kifungu cha 201 nacho kina sentensi ambayo ningependa kuiona imeandikwa juu ya mlango wa kila ukumbi wa wadi: mizigo na manufaa ya matumizi ya rasilimali na ya ukopaji wa umma yagawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Kaunti ya Laikipia ilijaribu njia hii, ikapanga kutoa hatifungani ya takriban shilingi bilioni 1.16 kwa ajili ya miundombinu, lakini uchaguzi wa 2022 ukafika kabla hatifungani yenyewe haijauzwa.

Katika utaratibu huo wote, mwananchi anaulizwa wapi? Anaulizwa katika vikao kama kile chetu, ambako maoni yake yanapokelewa na kuandikwa kwa wino wa kijani, lakini hayamfungi mtu. Kura ya ndiyo au la juu ya deni mahususi hana. Mimi mwenyewe nimeulizwa swali la ndiyo au la mara mbili tu maishani. Mwezi Novemba 2005 niliulizwa kwa ndizi na chungwa, alama za ndiyo na la, na tarehe 4 Agosti 2010 nikaulizwa kwa kijani na nyekundu. Mara zote mbili swali lilikuwa Katiba nzima, kitabu ambacho wengi wetu hatukukimaliza kukisoma. Ni ajabu kwamba tuliaminiwa kuamua juu ya misingi ya dola, ilhali hatujawahi kuaminiwa kuamua juu ya kidimbwi.

Hata hivyo, na hapa ndipo nilipoketi vizuri kitini, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina kifungu cha 90, na kifungu hicho kinasema kwamba serikali ya kaunti inaweza kuendesha kura ya maoni ya mahali, pamoja na mambo mengine, juu ya maamuzi ya mipango na uwekezaji yanayoigusa kaunti, endapo ombi limewasilishwa likiwa na saini za angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa katika eneo ambalo kura hiyo itafanyika. Nilikisoma mara tatu. Sikuwahi kusikia kikitajwa katika kikao chochote nilichohudhuria, na ninahudhuria vingi kuliko mke wangu anavyoona inafaa.

Robo ya wapiga kura si mchezo. Kaunti ya Kisumu ina wapiga kura zaidi ya laki sita, kwa hiyo robo yao ni zaidi ya watu laki moja na nusu, na kila mmoja aandike jina na nambari ya kitambulisho na kutia saini, katika mji ambao watu wamejifunza kwa uchungu kutowapa wageni nambari za vitambulisho vyao. Lakini kifungu kinasema "katika eneo ambalo kura hiyo itafanyika". Kaunti ina wadi 35, na ukigawanya, wadi moja kwa wastani ina wapiga kura kama 17,000. Robo yao ni watu kama 4,300. Idadi hiyo naiweza kuiwazia. Ni mikutano ya wazazi, ni makanisa mawili makubwa Jumapili moja, ni msikiti siku ya Ijumaa, ni wiki mbili za kusimama Kibuye siku za soko na meza, kalamu na mwavuli. Sisemi kwamba kura hiyo ingeondoa masharti ya Kifungu cha 212. Udhamini wa Hazina ya Kitaifa na idhini ya bunge la kaunti vingebaki palepale. Kura yenyewe nayo ina gharama zake, za karatasi, makarani na ulinzi. Lakini swali lingekuwa limeulizwa.

Na ili liulizwe lazima liwe na bei, kwa hiyo niliketi na daftari nikajaribu. Takwimu zifuatazo ni za mwalimu, si za mhandisi, na yeyote mwenye bora kuliko hizi na alete. Sitaki kidimbwi cha mita 50 kama kile cha Kasarani, Nairobi, kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Nataka cha kufundishia: urefu mita 25, upana mita 12 na nusu, kina cha wastani mita 1.2, ili mtoto wa darasa la nne asimame na kichwa kikae juu ya maji. Kidimbwi hicho kinachukua lita 375,000. Kwa sisi tunaonunua maji kwa mtungi wa lita 20, hiyo ni mitungi 18,750, na natambua jinsi idadi hiyo inavyosikika masikioni mwa mama anayepanga foleni kioskini. Ila maji hayo hayabadilishwi kila siku. Pampu huyazungusha mchana kutwa kupitia kichujio cha mchanga, klorini ikiua vijidudu, na kinachoongezwa ni kile kinachopotea. Jua la Kisumu likinyonya milimita nne au tano kwa siku, kidimbwi hicho kitapoteza mitungi kati ya 60 na 80 kila siku kwa mvuke pekee, mbali na maji ya kuosha kichujio. Jua hilo hilo huila klorini ya kidimbwi kisicho na paa, ndiyo maana lazima awepo mtu wa kupima maji asubuhi na mchana, kuchota kidogo katika kichupa, kutia matone ya dawa, kungoja rangi ibadilike na kuilinganisha na kadi. Mtu huyo asipokuja siku tatu, maji huwa ya kijani. Wiki ya pili vyura hutaga humo.

Tuseme ujenzi, pamoja na vyumba vya kubadilishia nguo, ukuta na mashine, ungegharimu shilingi milioni 100, na tuseme fedha hizo zimekopwa kwa hatifungani ya miaka kumi, riba asilimia 13, zikilipwa kwa mafungu sawa kila mwaka. Fungu la mwaka mmoja ni kama shilingi milioni 18.4, na baada ya miaka kumi tutakuwa tumelipa milioni 184 kwa kidimbwi cha milioni 100. Hilo ni la kusemwa kwa sauti kabla ya jambo jingine lolote. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya 300,745 katika Kaunti ya Kisumu. Ukigawa fungu la mwaka kwa kaya hizo, kila kaya inabeba shilingi 61 kwa mwaka, ambazo hazifiki bei ya mkate.

Nilipofika kwenye 61 nilifurahi kupita kiasi, nikatoka nje kupunga hewa, kisha nikarudi kwa aibu kwa sababu nilikuwa nimesahau nusu ya hesabu. Deni hujenga tu, haliendeshi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mikopo ya kaunti itumike kwa maendeleo, si kwa matumizi ya kawaida, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, maana anayekopa ili alipe mishahara atakopa tena mwezi ujao. Waokoaji wanne, fundi wa pampu, mlinzi, umeme, maji na klorini havitoki katika hatifungani. Vitatoka katika bajeti ya kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya aliyekata utepe kusahaulika. Nikikadiria milioni sita kwa mwaka, hiyo ni shilingi 20 zaidi kwa kila kaya. Jumla ni 81. Viingilio vingepunguza kidogo, lakini nisingependa tuvitegemee. Kidimbwi cha hoteli ambako nilimpeleka binti yangu mara moja kilitutoza shilingi 500 kila mmoja, nami nilikaa ukingoni nikiwa nimevaa viatu ili nisilipishwe, kwa hiyo najua kwamba kidimbwi cha umma kinachotoza kama hoteli ni hoteli isiyo na vitanda.

Suala la nani anaingia lina historia yake huko huko Marekani anakoishi binamu yangu, na ndilo lililomfanya aandike ndiyo bila kusita. Miji mingi ya kusini mwa Marekani, ilipoamriwa na mahakama iache ubaguzi, iliamua kufunga vidimbwi vyake vya umma kuliko kuwaona watoto weusi na weupe katika maji mamoja. Mji wa Jackson, Mississippi, ulifunga vyake, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliona kwamba haukuvunja Katiba kwa kufanya hivyo kwa kuwa ulikuwa umewafungia wote. Wazazi ambao hawakufundishwa kuogelea hawakuwafundisha watoto wao, na mpaka leo watoto weusi wa Marekani hufa maji katika vidimbwi kwa kiwango kinachowazidi mno wenzao weupe. Kwetu ubaguzi huo wa kisheria haupo tena, lakini vidimbwi vya mji huu viko nyuma ya kuta za hoteli, vilabu na shule za ada kubwa, na mlinzi wa langoni hahitaji sheria ili amtambue mtoto wa mtaa wa mabanda wa Nyalenda.

Kuna wazo jingine ambalo nalitaja kwa haraka tu. Mwaka 2017 serikali ya kitaifa iliuza M-Akiba, hatifungani iliyonunuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, ikilipa riba ya asilimia 10 isiyotozwa kodi. Kama mkazi wa Kisumu angeweza kununua kipande cha deni la kidimbwi chake mwenyewe kwa kiasi kama hicho, sehemu ya ile riba ya milioni 84 ingebaki katika mifuko ya Kondele na Manyatta badala ya kwenda yote kwa benki za Nairobi. Chama chetu cha walimu kingenunua. Walau mimi ningekihimiza kinunue, na mweka hazina wetu angesema tungoje mwaka ujao.

Wiki jana nilikutana tena na yule kijana wa bodaboda. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, nami nilikuwa na madaftari ya darasa zima mkobani, nikamsimamisha bila kumtambua mpaka alipogeuka na kusema, "Ni wewe, mwalimu wa kidimbwi." Njiani, mkoba ukiwa kati yetu, nilimweleza habari za Washington, jinsi walio wengi walivyosema ndiyo na pendekezo likaanguka. "Yaani wameshinda wakashindwa?" aliuliza, akapunguza mwendo ili asikie vizuri. Nilimweleza juu ya kifungu cha 90 na zile saini 4,300. Kisha nikamtajia ile 61, na ile 20, na jumla yake.

Alinyamaza mpaka tulipofika kwangu. Alizima pikipiki, akavua kofia na kukung'uta maji.

"Themanini na moja kwa mwaka haifiki nauli ya kwenda Kondele na kurudi," alisema. "Siku ile mngesema hivyo, nisingecheka. Lakini mimi ningesema la."

Nilimwuliza kwa nini.

"Mimi ni mpangaji, mwalimu. Hiyo hesabu yako inagawa sawasawa, lakini hakuna atakayekuja kwangu kuniomba themanini. Watamwongezea mwenye nyumba kodi ya ardhi, au watatuongezea ushuru wa stejini. Mwenye nyumba akiongezewa themanini kwa mwaka, mimi ataniongeza mia mbili kwa mwezi, na atasema ni kidimbwi. Tafuta njia ya kuandika hilo nalo kwenye hiyo karatasi yako ya saini, kisha uniletee niisome."

Sikuwa na jibu. Nilimlipa nauli, nikaingia ndani, na kabla sijabadilisha nguo zilizolowa nikafungua daftari, nikapiga mstari juu ya 81 na kuanza kuandika orodha ya nyumba za kupanga katika wadi yetu ambazo najua wenye nyumba wake.